Pampu Mpya, Mpira wa Zamani

Jirani yangu, mzee mstaafu aliyefanya kazi reli ujana wake wote, anayo Peugeot 504 aliyoinunua mwaka 1979, na hadi leo huiosha kila Jumamosi jioni kana kwamba kesho yake inakwenda kubeba bibi harusi. Mwezi uliopita gari hilo lilizimika katikati ya kivuko cha reli huku Buguruni, wajukuu watatu wakiwa kiti cha nyuma. Kwa bahati treni haikuwapo, na vijana waliokuwa karibu walilisukuma likavuka. Lakini mkewe, ambaye miaka yote ya ndoa yao amekuwa akisimuliwa habari za watu waliogongwa vivukoni, alitamka siku ile ile kwamba wajukuu hawatalipanda tena mpaka ugonjwa wake ujulikane.

Ugonjwa wenyewe, ndugu msomaji, ulianza na zawadi. Kabureta ya gari hilo ilikuwa imelika kwa uzee, na kila ilipotengenezwa ilirudia uharibifu wake baada ya wiki mbili. Mtoto wa mzee aliye ng'ambo akaona amsaidie baba yake kwa kumletea vifaa vya kuiondoa kabureta kabisa, na mahali pake kuweka mfumo wa kupuliza petroli kwa nozeli unaoongozwa na umeme. Humo mna pampu ya nguvu, nozeli, sensa kadhaa (si ile sensa ya kuhesabu watu, bali vipima joto, hewa na moshi), na kisanduku cha umeme ambacho mafundi wetu hukiita kontrol boksi. Hicho ndicho ubongo: husikiliza sensa zote, kisha huamua nozeli ifunguke kwa muda gani.

Si jambo geni kwa magari ya jamii hiyo. Kiwanda chenyewe kilitoa Peugeot 404 yenye kupuliza petroli kwa mitambo tangu mwaka 1962, na 504 ilipotokea mwaka 1968 nayo ilipatikana kwa namna hiyo. Mzee hupenda kukumbusha kwamba 404 ilishinda mashindano ya Safari miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, nayo 504 ikashinda 1975 na 1978. Na ukimwachia nafasi atakutajia hata mito iliyofurika.

Jumapili iliyopita alikuja fundi wa umeme wa magari, kijana mtulivu mwenye mita yake mfukoni, nami nikaomba nisimame kando nitazame. Nilidhani ataanza na kisanduku. La hasha. Alifungua boneti, akainama, akanusa. Kisha akaagiza waya hasi wa betri ufunguliwe, na ndoo ya mchanga iletwe karibu.

Pampu ya kabureta husukuma petroli kwa nguvu ndogo, kiasi cha robo ya bar. Mfumo huu mpya hutaka bar 3 au zaidi, yaani zaidi ya mara kumi. Aliyefunga vifaa alibadilisha pampu, lakini kipande cha mpira kilichopita karibu na bomba la ekzosi alikiacha kile kile cha zamani, kikiwa kimebanwa kwa klipu ya meno ambayo ilikwisha kuukata. Mpira ulikuwa unatoa jasho la petroli. Fundi alitaka mpira ulioandikwa ubavuni 30R9, ambao hutengenezwa kwa ajili ya mgandamizo wa namna hiyo, pamoja na klipu za duara zisizokata. Mzee alipouliza kama hauwezi kungoja mwisho wa mwezi, fundi hakujibu. Alimwonyesha tu umbali uliokuwapo kati ya unyevu ule na chuma cha moto. Ulikuwa upana wa vidole vitatu. Kijana mmoja wa nyumbani akatumwa dukani papo hapo.

Mpira ulipokwisha kufungwa, betri ikarudishwa na swichi ikawashwa bila kupiga injini. Pampu ilinguruma, ikaendelea kunguruma, haikunyamaza. Hapo fundi alitikisa kichwa. Katika mfumo uliofungwa sawasawa, pampu hunguruma kwa muda wa sekunde mbili hivi kujaza mabomba, kisha hunyamaza mpaka injini izunguke, kwa sababu ni kisanduku kinachoiamuru kupitia rilei. Hii ilikuwa imeungwa moja kwa moja kwenye swichi. Maana yake ni kwamba gari likigongwa na injini ikazimika, pampu ingeendelea kumwaga petroli juu ya watu waliomo ndani. Nakiri kwamba hili lilinitisha kuliko habari ya kivuko.

Na kile kivuko? Jibu lake lilipatikana chini ya dashibodi. Kisanduku kilikuwa kimepewa umeme kutoka waya wa redio, waya zikiwa zimesokotwa kwa mkono na kufungwa utepe. Fundi aliiwasha injini, akaiacha ingurume polepole, akagusa fundo lile kwa ncha ya kidole. Injini ikafa. Akawasha tena, akagusa tena, ikafa tena. Mzee alikaa chini kwenye kigoda. Sasa alielewa kwamba mtikisiko wa matairi juu ya vyuma vya reli ndio uliokata umeme wa kisanduku, na kisanduku kikifa, nozeli hufunga palepale. Kabureta ya zamani isingefanya hivyo, kwani yenyewe haihitaji umeme kumimina petroli.

Kulikuwa na jingine. Gari lilikuwa gumu kuwaka, hasa likiwa limepata moto. Fundi aliweka mita kati ya ncha hasi ya betri na mwili wa injini, akaamuru starta ipigwe. Inatakiwa isome kidogo sana, sehemu ya kumi mbili au tatu za volti. Ilisoma zaidi ya volti moja. Waya wa ethi ulikuwa umeota kutu chini ya rangi. Kila starta ilipovuta umeme, kisanduku kilibaki na njaa na kuanza kazi upya. Kutu ikakwanguliwa, ethi mpya ikafungwa, na kisanduku kikapewa waya wake chenyewe kutoka betri, wenye fyuzi.

Ukabaki moshi mweusi, na petroli iliyokuwa ikiisha kama maji ya mgema. Mzee aliamini nozeli ni mbovu. Fundi alitazama kwanza kipimo cha joto asubuhi injini ikiwa baridi: kilisoma sawa na hewa ya nje, basi hakikuwa na kosa. Akapitisha mkono karibu na maungio ya ekzosi, mbele kidogo ya sensa ya moshi, akasikia upepo. Gasketi ilikuwa imepasuka. Hewa ya nje iliingia hapo, sensa ikaiona, ikapeleka habari kwamba injini ina hewa nyingi na petroli chache. Na kisanduku, ambacho hulenga kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya petroli, kikazidisha petroli kwa nia njema kabisa. Ubaya ni kwamba visanduku hivi hujifunza: hata baada ya gasketi kubadilishwa, ilibidi mafunzo yale ya uongo yafutwe kwanza, kianze upya.

Saa kumi jioni gari lilizunguka mtaa mara nne, likapita makusudi juu ya matuta yote, na halikuzimika. Moshi ulikuwa haba. Lakini geji aliyoifunga fundi kwenye bomba la petroli ilionyesha kwamba baada ya injini kuzimwa, mgandamizo unashuka hadi sifuri katika dakika chache, dalili kwamba ama vali ya pampu ama kirekebishi cha mgandamizo hakishiki. Hiyo ameiacha Jumapili ijayo.

Bibi alitoka jikoni akifuta mikono kwa kanga, akainama juu ya injini, akanusa kwa muda mrefu kuliko fundi. Akasema harufu imekwisha, na kwamba wajukuu watapanda daladala wiki moja zaidi.