Tochi ya Mfukoni Nayo ni Kifaa cha Kazi

Umeme unapokatika katikati ya kuzalisha, mkono wa kwanza huenda mfukoni, na kinachotolewa mfukoni humo siku hizi ni simu. Mkunga huwasha taa yake akampa ndugu wa mzazi amshikie. Pasipokuwa na ndugu, huibana baina ya shavu na bega, au huishika kwa meno, kisha akaendelea na kazi. Wengi wetu tuliowahi kushika zamu za usiku tumelifanya hilo, na baadaye tumelisimulia kama ushujaa. Nadhani umefika wakati wa kuacha kulisifu. Taa ya simu si kifaa cha kuchunguzia mgonjwa. Tochi ndogo ya kuchaji, inayotoshea katika mfuko wa sare, ni kifaa cha kazi kama kilivyo kipimajoto, na yafaa ichaguliwe kwa uangalifu uleule.

Nianze na hoja ambayo huzungumzwa mara chache. Taa ya simu imewekwa kando ya kamera. Huwezi kuuelekeza mwanga wake mahali pasipo kuielekeza na kamera. Mama aliyelala kitandani, akiona simu imeelekezwa kwenye maungo yake, hana njia ya kujua kama anamulikwa tu au anapigwa picha. Mhudumu anaijua nia yake, mgonjwa haijui. Wala haulizi, kwa kuwa ana uchungu, na kwa kuwa aliye mbele yake ndiye tegemeo lake la usiku huo. Siri na heshima ya mgonjwa tunazozifundisha darasani huvunjika hapo bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Tochi haina kamera, na mgonjwa analifahamu hilo kwa kuiona tu.

Yako na mengine. Simu hiyo imetoka kwenye daladala na mezani pa chakula, na baada ya kazi itarudi shavuni. Glavu ikiigusa kisha ikamrudia mgonjwa, kunawa kote kulikotangulia kumekwenda bure. Tena simu hiyohiyo ndiyo ya kuitia gari la wagonjwa. Mzazi akipoteza zaidi ya mililita 500 za damu baada ya kujifungua, ni wakati huo hasa ambapo betri ya simu haipaswi kuwa imeliwa na taa.

Basi ichaguliwe tochi ipi? Madukani jibu huandikwa kwa tarakimu kubwa juu ya kasha: lumeni 5,000, lumeni 10,000, hata zaidi. Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka katika taa. Haikuambii mwanga huo umekusanywa au umetawanyika, wala utadumu kwa muda gani. Jicho nalo halihesabu kwa mstari ulionyooka: ili mwanga uonekane maradufu, lumeni huhitaji kuongezeka takriban mara nne. Kitochi cha ukubwa wa kidole gumba hakina pa kupeleka joto la lumeni elfu moja. Baada ya dakika chache hujipunguza chenyewe, la sivyo kingeunguza mkono. Hata muda wa kuwaka ulioandikwa kwa uaminifu, kwa kufuata kanuni za Marekani ziitwazo ANSI/FL1, huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo. Saa nne za kwenye kasha huenda zikawa nusu saa ya mwanga wa maana na saa tatu na nusu za mwanga hafifu. Kwa kazi zetu, lumeni 300 zinazodumu zina faida kuliko 3,000 za kujionyesha dukani.

Jambo lenye uzito zaidi kwa tabibu halimo katika tarakimu hiyo kabisa, nalo ni rangi. Taa nyingi nyeupe za LED, kwa asili yake, ni taa za buluu zilizopakwa unga wa fosfori unaogeuza sehemu ya ubuluu huo kuwa umanjano. Jicho huona mchanganyiko wake kuwa weupe. (LED ya buluu yenye mwanga wa kutosha ndiyo iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, na ndiyo iliyotuondoa kwenye tochi za globu zilizokuwa zikila mawe mawili kwa wiki.) Tatizo ni kwamba katika taa za bei rahisi, wekundu huwa haba. Na wekundu ndio lugha ambayo mwili husema nasi nayo. Chini ya mwanga wa namna hiyo damu mbichi huonekana kama tope la kahawia, ukingo wa mchano wa msamba hauachani vema na nyama iliyo salama, na midomo ya mtoto mchanga hupata ubuluu ambao si wake. Kwa wagonjwa wetu wenye ngozi nyeusi, weupe wa upungufu wa damu husomwa kwenye maeneo madogo: ndani ya kope la chini, kwenye ulimi, kwenye kiganja. Maeneo hayo yakimulikwa kwa mwanga uliopungukiwa na wekundu, kila mtu ataonekana kama amepungukiwa na damu.

Kipimo cha jambo hili huitwa CRI, nacho huishia 100, yaani rangi kuonekana jinsi zinavyoonekana chini ya mwanga wa asili. Tochi za kawaida huzunguka 70. Kwa uchunguzi wa mgonjwa, nisingependa kushika iliyo chini ya 90. Kiendacho sambamba nacho ni joto la rangi, ambalo hupimwa kwa kelvini: taa ya 6,500 huelekea ubuluu, ya 2,700 huelekea umanjano kama koroboi na huweza kuuficha umanjano wa mtoto mchanga. Baina ya 4,000 na 5,000 ndipo panapofaa. Nisieleweke vibaya: hata tochi bora haichukui nafasi ya mwanga wa mchana wala ya kipimo cha bilirubini. Mtoto aliyetiliwa shaka usiku achunguzwe na apimwe, asiachwe kwa sababu tochi ilisema yu mzima.

Makasha mengi hayaandiki CRI, na mengine yameandikwa uongo. Kuna jaribio la dukani lisilo na gharama. Mulika kiganja chako mwenyewe, kwanza kwa tochi unayoitaka, kisha ukitazame nje juani. Kiganja kikigeuka kijivu au kijanikijani chini ya tochi, irudishe. Kitambaa chenye nyekundu, zambarau na kahawia kitakueleza vilevile. Wauza vitenge wanalijua hili tangu zamani, ndiyo maana mteja hodari hutoka na kitenge mlangoni kabla ya kulipa.

La pili kwa umuhimu, kwa maoni yangu, ni mwanga mdogo. Wanunuzi huuliza tochi inafika wapi. Mimi huuliza inashuka mpaka wapi. Kwenye wodi yenye wagonjwa ishirini waliolala, muuguzi anayekagua dripu huhitaji lumeni moja au mbili tu. Macho yaliyozoea giza huchukua takriban nusu saa kulizoea tena kikamilifu baada ya kupigwa na mwanga mkali, na hilo humhusu muuguzi sawa na mgonjwa anayetaka kwenda msalani. Uchunguzi wa mboni nao hautaki ukali. Tunatafuta kama mboni zinalingana na kama zinasinyaa upesi; mboni zilizotofautiana kwa mtu aliyeumia kichwa, au zilizosinyaa kama ncha ya sindano kwa mkulima aliyevuta sumu ya viuatilifu, huonekana kwa lumeni chache. Mwanga wa lumeni mia kadhaa ndani ya jicho kwa umbali wa shubiri moja humfanya mgonjwa afumbe, na uchunguzi ukaishia hapo.

Kwa sababu hiyo naziepuka tochi ambazo kila ukibonyeza hupita kwanza kwenye ukali wa juu kabisa, halafu kwenye kumetameta. Sijaona kazi ya kumetameta hospitalini, na kwa baadhi ya wenye kifafa mwanga wa namna hiyo huchochea degedege. Tochi nzuri huanza chini, au hukumbuka ilipoachwa. Ikiwa kichwa chake kimepinda kama herufi L na inaweza kuvikwa mkanda wa kichwani, mikono miwili itabaki huru kushona. Angalia pia kitako: tochi nyingi za mfukoni zina sumaku hapo, na ni msaada mkubwa kuibandika kwenye nguzo ya kitanda cha chuma. Lakini sumaku hiyo isikaribie kifua cha mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, na tochi yenyewe isivuke mlango wa chumba cha MRI.

Kuhusu betri nitakuwa mfupi. Betri ya lithiamu ya namba 18650, iliyoitwa hivyo kwa unene wake wa milimita 18 na urefu wa 65, haipiti sana mAh 3,500. Iliyoandikwa 9,900 ni ya uongo, na aliyedanganya kwenye ujazo huenda amedanganya pia kwenye usalama. Chagua tundu la USB-C, kisha uijaribu dukani kwa waya wa simu yako, maana nyingine hukataa waya zisizokuja nazo. Palipo na uwezekano wa kukaa siku kadhaa bila umeme, napendelea tochi inayopokea pia betri za kawaida za AA. Usiichaji juu ya godoro, na betri iliyovimba usiitupe motoni.

Wagonjwa nao wasione kwamba haya ni ya wenye sare peke yao. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, na kinga mojawapo ni kumulika njia usiku. Kifutu hakimbii asikiapo hatua. Hujilaza palepale njiani. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu anahitaji kutazama nyayo na katikati ya vidole kila siku, na taa ya chumbani mara nyingi haifiki huko. Kwa mzee anayeamka mara tatu usiku, kitochi chenye mwanga mdogo kando ya mto kinaweza kumwepusha na anguko la kuvunja nyonga. Ila vile vitochi vya ufunguo vyenye betri bapa kama sarafu visiachwe karibu na watoto: betri hiyo ikimezwa huweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili.

Nitaulizwa kwa nini mfanyakazi anunue kwa mshahara wake kitu ambacho mwajiri alipaswa kutoa. Sitaki anunue. Nataka tochi iingie katika orodha ya vifaa vya chumba cha kujifungulia, ikiwa na vigezo vyake vya rangi na mwanga mdogo, kama kipimashinikizo kilivyo na vyake. Wala tochi haiondoi wajibu wa umeme wa uhakika. Laura Stachel, daktari wa uzazi kutoka Marekani, alipoona akina mama wakizalishwa gizani huko Nigeria mwaka 2008, yeye na mumewe Hal Aronson walibuni sanduku la umeme wa jua kwa ajili ya vituo kama hivyo. Hiyo ndiyo njia ya kudumu. Hata kituo chenye sola, hata hivyo, kina kona ambazo taa ya darini haizifikii, na mkono wa mhudumu mwenyewe hutia kivuli mahali panaposhonwa. Mpaka bajeti ifike, zamu inaweza kuanza na jambo moja lisilohitaji kibali cha mtu: wakati wa kukabidhiana, tochi ihesabiwe pamoja na dawa za dharura, na anayepokea aiwashe mwenyewe kabla anayeondoka hajatoka mlangoni.