Hata Msiba wa Kujitakia Una Kilio

Katika kliniki ya mifupa, neno "amepona" huandikwa kwa urahisi. Picha ya eksirei ikionesha kuwa mfupa umeunga na mgonjwa ameacha magongo, daktari hufunga faili na kumwita anayefuata. Nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi, hadi dereva mmoja wa bodaboda aliponifundisha vingine.

Alivunjika mfupa wa paja katika ajali iliyomuua abiria wake. Miezi minane baada ya upasuaji mfupa ulikuwa umeunga vizuri, lakini goti lilikuwa limekakamaa kwa sababu hakufanya mazoezi aliyoelekezwa. Nikamkemea. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema: "Daktari, yule mama niliyembeba hatatembea tena. Mimi nitembee niende wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka tu kwamba siku alipolazwa, sisi wenyewe tulisema wodini, mbele yake, kwamba vijana hawa hujitakia, na msiba wa kujitakia hauna kilio.

Methali hiyo ni hekima inapomwonya mtu kabla hajateleza. Ikisemwa kando ya kitanda cha majeruhi, hugeuka kuwa hukumu. Hoja yangu ni kwamba majeruhi anayejichukia ni vigumu kupona, na sisi tunaomhudumia ama tunaikoleza chuki hiyo au tunaipunguza.

Dalili za kiwewe zinafahamika: tukio kujirudia ndotoni au akilini kana kwamba linatokea upya, kukwepa barabara, watu na mazungumzo yanayolikumbusha, kushtuka kwa mlio wa honi. Majuma ya kwanza wengi huzipata, na kwa wengi hupungua zenyewe. Zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga kazi au maisha ya nyumbani, yafaa kutafuta tiba, nayo ipo. Dalili tunayoisahau ni lawama. Akili iliyojeruhiwa hutafuta sababu, na iliyo karibu kuliko zote ni nafsi yenyewe: "Ningepita njia nyingine." "Ningeikataa safari ile." Mtu hujihukumu kwa ujuzi alioupata baada ya tukio, ujuzi ambao hakuwa nao kabla yake.

Wapo watakaouliza: je, aliyeendesha akiwa amelewa naye ajihurumie? Ndiyo, naye pia. Kujihurumia si kujitakasa. Anayekiri kosa lake bila kujichukia anaweza kuomba radhi, kukabili sheria na kubadili mwenendo. Anayejichukia huacha kliniki, hunywa pombe ili apate usingizi, na wengine hufikia kutamani kufa. Adhabu hiyo haimrudishi marehemu, wala haimfundishi yeyote kuvaa kofia ngumu.

Wala haya si maneno ya kubembelezana. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kukabili msongo wenye stadi tano, na mojawapo ni wema, ukiwemo wema kwa nafsi. Mafunzo ya vikao vitano yanayotumia stadi hizo yalijaribiwa nchini Uganda kwa karibu wanawake 700, wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Miezi mitatu baadaye, walioyapata walikuwa na dhiki ndogo ya nafsi kuliko wenzao ambao hawakuyapata.

Kwako mgonjwa: sikiliza maneno unayojiambia usiku. Je, ungemwambia hayo ndugu yako aliyepatwa na yaliyokupata? Kama usingethubutu, usijiambie. Jiambie yale ambayo ungemwambia yeye. Fanya zoezi la leo hata kama moyo haujaridhia. Kuutunza mwili ni namna mojawapo ya kujihurumia. Na wazo la kujiua likikujia, usingoje tarehe ya kliniki: mwambie mtu wa karibu, nanyi mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwetu watoa huduma: pamoja na kutazama picha, tuulize maswali mawili. Usingizi ukoje? Unajiambia nini kuhusu ajali ile? Asiyetaka kusimulia asilazimishwe. Tusikimbilie kumpa dayazepamu; tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani limeshauri dawa za kundi hilo zisitumike kutuliza dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza. Anayehitaji zaidi tumpeleke kwa wataalamu wa afya ya akili, na tumweleze kwamba hatumwoni mwendawazimu.

Dereva yule nilimwomba radhi, nikampa rufaa. Goti lake halikunji lote hadi leo. Lakini mara ya mwisho alipofika, kabla sijamuuliza lolote, aliuliza yeye: mazoezi yale ayafanye mara ngapi kwa siku?