Nani Alituambia Mac Haishiki Virusi?

Wiki tatu sijaposti, na wengi mmeniuliza kama nimeacha hii kazi. Sijaacha. Niliibiwa chaneli. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mwizi nilimfungulia mlango mwenyewe, kwa sababu niliamini kitu ambacho nusu ya watu Nairobi wanakiamini: ukishanunua Mac, mambo ya virusi yameisha.

Laptopu yangu ni ex-UK, niliichukua tao baada ya kujinyima karibu mwaka mzima. Nilipomuuliza muuzaji kuhusu antivairasi, alinicheka. "Hiyo ni ya watu wa Windows, buda." Nikacheka naye.

Sasa skia. Programu ninayotumia kuhariri video hulipiwa kwa dola kila mwezi, na mwezi huo wateja wawili walikuwa hawajanilipa. Msee fulani kwenye grupu yetu akarusha linki ya toleo la bure, lile limevunjwa leseni. Nikapakua. Nikafungua, kikatokea kidirisha kidogo: weka pasiwadi ya kompyuta ili uendelee. Kilifanana kabisa na kile cha Mac yenyewe. Nikaweka. Programu ikakataa kufunguka, nikalaumu intaneti, nikalala. Asubuhi chaneli yangu ilikuwa na jina jingine na picha nyingine, na iko laivu ikiahidi watu sarafu za kidijitali za bure.

Wizi wa aina hii ni biashara yenye duka. Mwaka 2023 kulizuka programu inaitwa Atomic Stealer, ya kuiba kwenye Mac tu, ikikodishwa Telegram kwa dola 1,000 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya laki moja zetu. Mtu halipi hiyo pesa kama Mac hazina kitu cha kuiba. Inachota pasiwadi ulizohifadhi, pochi za kripto, na kuki za brauza. Hizo kuki ndizo hatari. Ni kama stempu ya mkononi pale klabu: ukishagongwa, baunsa hakuulizi tiketi tena. Mwizi akiwa na stempu yako, anaingia bila pasiwadi na bila ile kodi ya simu. Ndiyo maana ulinzi wangu wa hatua mbili haukusaidia chochote.

Lakini hii imani haikutoka hewani. Kuanzia 2006 Apple walikuwa na matangazo ya TV Marekani ambapo jamaa wa PC anapiga chafya kwa virusi na jamaa wa Mac yuko fiti. Halafu 2012 ikaja Flashback, ikaingia kwenye Mac zaidi ya 600,000, na mwaka huohuo Apple wakayaondoa kimyakimya kwenye tovuti yao yale maneno kwamba Mac haipati virusi vya PC. Mwaka 2021, kwenye kesi yao na Epic Games, Craig Federighi, bosi wa programu za Apple, aliambia korti kwamba kiwango cha programu hasidi kwenye Mac hakikubaliki kwao. Sawa, alikuwa anatetea kwa nini iPhone imefungwa zaidi. Bado alisema. (Na kama unapenda historia: mojawapo ya virusi vya kwanza kabisa kusambaa kwenye kompyuta za watu, Elk Cloner, kiliandikwa 1982 na kijana wa miaka 15. Kompyuta yenyewe? Apple II.)

Najua mtaniambia Windows hupigwa zaidi. Kweli. Lakini mtu wa Windows amefunzwa kuogopa. Sisi tumefunzwa kudharau. Apple wameweka ulinzi, na 2024 wakafanya iwe ngumu zaidi kufungua programu isiyotambulika. Wezi nao wakabadilisha mtego: siku hizi kuna kurasa zinakuambia unakili mstari fulani uubandike kwenye Terminal, eti kuthibitisha wewe si roboti. Hapo kufuli itakusaidia nini?

Sitawahubiria kuhusu kulipia programu, mfuko wangu mnaujua. DaVinci Resolve ina toleo la bure, halali kabisa, na ndilo ninatumia sasa. Na ukishapigwa, usibadilishe pasiwadi kwa mashine ileile. Tumia nyingine, kisha utoke kwenye akaunti kwa vifaa vyote, ndiyo zile stempu zife.

Chaneli nilirudishiwa baada ya siku 16. Video arobaini na kitu hazikurudi, na duka la viatu lililotaka kunidhamini limenyamaza mpaka leo.

Nilirudi kwenye grupu kuwaonya. Mwenye linki hakukasirika hata kidogo. Alituma emoji tatu za kucheka, akaandika: "Mac haishiki virusi buda, labda uliuziwa feki." Linki bado imebandikwa pale juu.