Baridi yetu iko mwezi wa sita

Vijana wanasoma ku masomo kwamba majira ya baridi yanaanza tarehe 21 ya mwezi wa 12. Lakini siku hiyo, Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, ni majira ya mvua, na mtoto anauliza: baridi iko wapi? Kitabu hakisemi uongo. Kinasema habari ya Ulaya.

Njo hivi: Dunia inazunguka jua ikiwa imeinama, karibu digri 23 na nusu. Tarehe 20 ao 21 ya mwezi wa 6, upande wa kaskazini ndio umeinamia jua zaidi, na sisi wa kusini ya ikweta tunapata nuru ya pembeni. Wenye elimu ya nyota wanaita siku hiyo solstisi, maana yake jua kusimama: linaacha kuhama, kisha linarudi. Mchana wa Lubumbashi unadumu saa 11 na nusu hivi. Kwenye solstisi ya mwezi wa 12 unakaribia saa 12 na dakika 50.

Wengine wanafikiri baridi inatoka kwa sababu tuko mbali na jua. Hapana! Dunia inakuwa karibu zaidi na jua mwanzo wa mwezi wa 1, wakati Ulaya wanatetemeka.

Pimeni wenyewe. Simamisheni fimbo ya mita moja siku ya solstisi yetu, saa sita mchana: kivuli kitalala kusini, santimita 70 hivi. Siku za Noeli kitageukia kaskazini, santimita 20 tu. Na karibu mwisho wa mwezi wa 10, jua linapita juu ya kichwa kabisa, mvua bado haijashika vizuri: njo ile joto tunayoijua wote.

Na Noeli? Kalendari ya zamani ya Roma iliweka solstisi tarehe 25 ya mwezi wa 12. Augustino, Mwafrika wa Hippo, Algeria ya leo, alihubiri kwamba Yoane Mbatizaji alizaliwa siku zikianza kupungua, Kristo zikianza kuongezeka. Kwake kaskazini, ni kweli. Huku Katanga inageuka: mchana wetu unarefuka kuanzia sikukuu ya Yoane, tarehe 24 ya mwezi wa 6, na kisha Noeli unapunguka. Mhubiri atakayesema kwa Noeli kwamba siku zinarefuka, ajitayarishe: watoto wenye fimbo watamuuliza.