Fedha Inayosubiri Msimu

Ndugu zangu wa mtaa wa Mtendeni, Tabora, na nyote mliozaliwa hapa mkahamia Dar es Salaam, Mwanza, Muskati au mbali zaidi, naomba dakika zenu chache.

Kila Jumamosi asubuhi, uani kwa jirani yangu, kina mama 25 huketi mikekani kulizunguka sanduku la bati lenye makufuli matatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na wa nne ndiye anayelala na sanduku. Asipofika mmoja, halifunguliwi. Wakitimia, mweka hazina huhesabu kwa sauti, wote wakisikia, na kila hisa hugongewa mhuri kitabuni. Hisa moja ni shilingi 2,000, na mwisho ni hisa tano. Wote wakinunua tano, wiki moja huingiza 250,000. Mwaka mzima ni milioni 13, kabla ya kuhesabu riba ya mikopo wanayokopeshana wenyewe.

Utaratibu huu ulizaliwa Afrika. Shirika la CARE liliuanzisha na wanawake wa Niger mwaka 1991, ukaja hadi Zanzibar na bara, na leo tunauita VICOBA. Unafanya kazi kwa sababu mkopaji na mkopeshaji wanajuana hadi majina ya watoto.

Lakini sanduku lina kina chake. Mwaka jana fundi cherehani mmoja wa mtaa huu alihitaji 200,000 za kumtibu mwanawe, na sanduku siku hiyo lilikuwa tupu. Akachukua mkopo uitwao kausha damu: 30,000 kila Jumatatu, kwa wiki kumi. Alilipa Jumatatu sita. Ya saba alikosa, wakopeshaji wakaja wakabeba cherehani. Alikuwa amekwisha kurudisha 180,000. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja hilo ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani shilingi 7,000 kwa mkopo ule. Yeye alidaiwa riba ya 100,000 kwa wiki kumi, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba sheria iko upande wake.

Tabora inalijua deni tangu zamani. Misafara iliyopita hapa kati ya pwani na Ujiji iliendeshwa kwa mkopo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara hiyo, alikopeshwa na Taria Topan, tajiri wa Unguja, naye tajiri akangoja mwaka, miaka, mpaka pembe za ndovu zirudi. Biashara ile ilibeba dhuluma kubwa, watu wakiuzwa pamoja na pembe, na hilo hatulisahau. Nataka tuone jambo moja tu: mfanyabiashara mkubwa alivumiliwa. Mpagazi wa Kinyamwezi, aliyebeba kilo 30 begani kwa miezi mitatu, alipewa doti zake za kitambaa na posho, basi. Subira ya fedha haikumfikia. Mpaka leo, mwenye kiwanda hupewa miaka ya kulipa. Mama wa maandazi hupewa Jumatatu.

Na uchumi wetu hauendi kwa Jumatatu. Mrina asali hutundika mizinga msituni akangoja miombo ichanue. Mkulima wa karanga na mpunga huona fedha mara moja kwa mwaka. Ukimdai kila wiki, utamlazimisha auze mavuno yakiwa bado shambani, kwa bei ya mnunuzi. Mkopo wa namna hiyo humwacha maskini zaidi ya ulivyomkuta.

Wapo waliothubutu kukopesha kwa subira. Mwaka 2005 shirika la Kiva lilianza kwa kuwakopesha wajasiriamali saba wa Tororo, Uganda, kwa fedha za marafiki wasiotaka riba. Zikarudi, na leo mtu yeyote duniani anaweza kukopesha kuanzia dola 25. Acumen, shirika lisilogawa faida lililoanzishwa mwaka 2001, liliweka mtaji wake katika kiwanda cha A to Z cha Arusha kinachotengeneza vyandarua. Mashirika yote mawili hutaka fedha irudi ili iende kwa mwingine, wala hayana haraka ya kutajirika nayo.

Nisiwadanganye: mkopo peke yake haufuti umaskini. Tafiti sita za nchi sita, zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, ziliona manufaa ya wastani, si miujiza. Mgonjwa anahitaji bima kuliko deni, na asiye na soko hasaidiwi na mtaji. Ndiyo maana nawaomba fedha yenye masharti ya kiutu, pamoja na macho ya kuitunza.

Wewe mwenye mshahara au pensheni, jiunge na SACCOS iliyosajiliwa, weka akiba yako humo, na siku ya mkutano mkuu simama utetee marejesho yanayofuata mavuno.

Wewe uliye mbali, unatuma fedha za msiba na za harusi, na Mungu akulipe. Mwaka huu ongeza moja: changia mfuko wa mzunguko wa kikundi kilichosajiliwa chenye akaunti benki. Usidai faida. Dai taarifa: nani kakopa, nani karudisha, nani anafuata.

Wewe mhasibu au mwalimu wa hesabu, toa saa mbili kwa mwezi ukague vitabu. Vikundi vingi huvunjwa na daftari lililoandikwa vibaya kabla ya kuvunjwa na mwizi.

Nanyi wenye vikundi, jisajilini halmashauri kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka, kisha muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya vikundi kama vyenu: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, bila riba. Mkipata, rudisheni, maana nyuma yenu kuna foleni.

Jina la mtaa wetu limetokana na mtende. Apandaye mtende hungoja miaka kabla ya kuonja tende, na huo ndio moyo ninaouomba.

Kina mama wamekwisha kuanza. Mfuko wao wa jamii baadaye ulimpa yule fundi nauli ya hospitali; cherehani bado. Jumamosi hii sanduku litafunguliwa saa nne. Mkekani pana nafasi.