Safari ya Unguja Bila Sufuria



Tangu tulipodokeza katika ukurasa huu kwamba tulikwenda Unguja na watoto wakati wa likizo ya mwezi wa sita, wengi wenu mmetusimamisha sokoni Majengo, hata nje ya kanisa, na swali lile lile: mliwezaje, kwa mshahara huu huu tunaoufahamu? Mwezi huu tunajibu. Tutayataja na makosa yetu, maana hayo huenda yakawafaa zaidi.

Kwanza ilikuwa vita ya nyumbani. Baba watoto alikuwa na hesabu yake ya mabati ya chumba cha uani. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Mvumi kutusalimia, alikumbusha habari za meli: MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit iliyozama Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam. Hatukumbishia, kwa sababu yalikuwa kweli, na mtu aliyekulia Ugogo, ambako mito mingi hukauka nusu ya mwaka, ana haki ya kuyaogopa maji. Lakini watoto wetu walikuwa wakichora bahari shuleni bila kuiona, na sisi wenyewe tulikuwa tumetimiza miaka kumi na moja ya ndoa bila kulala mahali popote nje ya nyumbani isipokuwa msibani, harusini na hospitali. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya baba watoto anyamaze. Mabati tukayaahirisha.

Fedha tulianza kuziweka Januari: kidogo katika kibubu, na zamu yetu ya upatu tukaiomba iangukie mwezi wa tano. Tulitumia bahasha, na ya kwanza kujazwa ilikuwa ya nauli ya kurudi. Hiyo haifunguliwi hata mtoto alilie nini. Zikafuata nauli ya kwenda, malazi, chakula, na ya dharura. Bahasha ya zawadi hatukuwa nayo, na hapo tuliumia, kwa sababu jirani hakuelewi ukirudi kutoka Unguja bila hata mdalasini.

Sasa mizigo. Mara ya kwanza tulifungasha kama tulivyozoea: sufuria mbili, unga kilo tano, karanga, mashuka, blanketi la baridi ya Dodoma ya mwezi wa sita, na ndoo. Usiku baba watoto aliuliza kwa upole, "Hivi tunahama?" Tukacheka, kisha tukaanza kupungua. Ukweli ni kwamba sufuria ikisafiri, mama naye anasafiri na jiko lake, na likizo inakuwa ya wengine. Tuliamua kila mtu abebe begi moja la mgongoni, lile ambalo waliopita JKT waliliita shanta, asaidiwe na mtu yeyote tu akichoka kweli. Nguo mbili za kubadilisha, moja ya kulalia, kanga mbili za mama (huwa shuka, taulo, pazia na kifungio cha nguo), yeboyebo za kuingilia majini, sabuni, na dawa. Mdogo wetu wa miaka saba alibeba kitabu chake na karanga, akajiona mpagazi wa msafara. Msisahau kitambulisho cha taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mifuko ya plastiki acheni: huku bara ilikatazwa mwaka 2019, na Zanzibar walitutangulia.

Treni ya umeme, iliyoanza kuja Dodoma mwaka 2024, imetuondolea mateso mengi. Tuliondoka asubuhi na mchana tukawa Dar es Salaam. Tukalala kwa shemeji, kwa sababu hatukutaka kukimbizana na boti siku hiyo hiyo. Bandarini hapo ndipo faida ya mabegi madogo ilionekana, kwani vijana wa kubeba mizigo walitutazama mara moja wakaenda kwa wengine. Tiketi nunueni dirishani, si kwa mtu anayewafuata barabarani. Mkishapanda ulizeni jaketi za kuokolea zilipo, na mkiona watu wamezidi, shukeni. Boti za kasi huchukua kama saa mbili. Mwezi wa sita upepo wa kusi unavuma, kwa hiyo msiwashibishe watoto kabla. Sisi tuliwapa chapati mbili mbili. Hatutaeleza zaidi.

Kosa letu kubwa lilikuwa la watu wa nyanda za juu. Tulikwenda Jambiani, upande wa mashariki, zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini, tukawaamsha watoto waoge bahari. Ilipokaribia saa tano asubuhi tukafika ufukweni, na bahari haikuwapo! Mchanga na majani, na maji mstari mweupe mbali kwenye mwamba. Mdogo alilia kwamba tumedanganywa. Hatukujua kwamba maji hukupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa kama dakika 50, na kwamba wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hushuka na kupanda kwa karibu mita nne. Kabla ya kuchagua siku, tazameni mwezi, kisha muulize mwenyeji saa za maji.

Hata hivyo mle mlimokauka tuliwaona kina mama, maji yakiwafika magotini, wakifunga mwani kwenye kamba. Kilimo hicho kilishika Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Mmoja alituonyesha namna ya kufunga fundo. Tulikaa naye hadi maji yalipoanza kurudi, tukizungumza ada za shule na bei za wanunuzi, kana kwamba tuko shambani kwetu tukipalilia karanga. Alitushangaa kwamba tumelipa nauli kuja kupumzika mahali anapofanyia kazi. Tulikosa jibu.

Siku ya mwisho tulirudi mjini. Kanisa la Kianglikana la Mkunazini limejengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na watoto walipoambiwa kwamba baadhi ya misafara ile ilipita Ugogo kwetu, walinyamaza muda mrefu. Jioni Forodhani wakala urojo. Jambo moja la adabu: nje ya ufukwe mwanamke afunge kanga vizuri, na mkienda mwezi wa Ramadhani msile hadharani mchana.

Watoto walimletea bibi yao chupa ya maji ya bahari. Aliyaonja, akatema, akasema sasa anaamini. Juzi ametuuliza kama ipo boti isiyoyumba.