Ugonjwa Usioonekana Si Uzembe

Imekuwa desturi katika baadhi ya ofisi na skuli zetu kumpima mgonjwa kwa macho. Aliyevunjika mguu hupewa kiti; anayelalamika maumivu kila wiki, ilhali anatembea kwa miguu yake mwenyewe, huitwa mzembe. Miongoni mwa wanaodhulumiwa kwa desturi hiyo ni wenye ugonjwa wa Ehlers-Danlos pamoja na hitilafu ya ubongo iitwayo Chiari.

Ugonjwa huo wa kwanza ni wa kurithi, nao hutokana na udhaifu wa nyuzi zinazoshikanisha ngozi, viungo na mishipa. Mtoto mwenye maradhi haya aweza kushangiliwa katika halaiki kwa wepesi wa mwili. Akiwa mtu mzima, bega humteguka kwa kunyanyua ndoo. Mwaka 2017 wataalamu waliugawa katika aina 13, na ile iliyoenea zaidi mpaka leo haina kipimo cha damu. Daktari hana budi kumsikiliza mgonjwa na kumkagua viungo.

Hitilafu ya Chiari, iliyoelezwa na Hans Chiari huko Prague mwaka 1891, ni kuteremka kwa sehemu ya ubongo wa kisogoni katika tundu la fuvu linalopitisha ugwe wa mgongo. Mgonjwa akikohoa au akichemua, kisogo huuma mno. Mikono hufa ganzi na mwendo huyumba.

Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 2,813 wa Chiari, 357 walikuwa na maradhi ya kurithi ya nyuzi hizo. Hesabu hiyo ni ya wagonjwa waliofika kwa mabingwa, hatuwezi kuihamishia Unguja na Pemba. Hata hivyo yatosha kumkumbusha daktari aliyeona moja alitafute la pili, kwani upasuaji wa kupanua tundu la fuvu huenda usimtosheleze mtu ambaye shingo yake nayo imelegea.

Huku majumbani mambo ni mazito zaidi. Mama mwenye maradhi haya hutwishwa maji kichwani. Kinyozi humzungusha mtu shingo mpaka ilie, na wateja wakacheka! Wengine hupungwa pepo miaka na miaka. Hata anayesali juu ya kiti kwa sababu sijida humzidishia maumivu husengenywa, ingawa sheria ya dini imemruhusu.

Mgonjwa wa Tumbatu au Kojani akiandikiwa picha ya MRI hana budi kuvuka bahari, tena na msindikizaji. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 2023, ungefanya vyema kuwaeleza wananchi waziwazi mgonjwa wa namna hii anastahili nini. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo haukusema kwamba ulemavu lazima uonekane. Wakuu wa idara wanaorudisha barua za madaktari kwa hoja kwamba mwombaji “anaonekana mzima” waulizwe wameipata wapi mamlaka hiyo.